Mchezo Hauna Mwenyewe

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeiandika katika insha tangu tulipokuwa shule ya msingi, na wengi wetu tumepata alama nzuri kwa sababu yake. Lakini tukitoka darasani kwenda uwanjani tunaiacha kwenye dawati. Huko uwanjani tunamzomea aliyebaki nyuma, tunamwita jina la konokono, na kesho yake hatumtaki tena katika timu.

Ndugu msomaji, nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo ambalo sote tulilisikia kwenye paredi. Tulitangaziwa kuwa kuanzia mwaka huu nauli na sare za michezo zitatolewa kwa timu zile tu zilizovuka kiwango cha zoni. Maana yake ni kandanda ya wavulana na voliboli ya wasichana, basi. Wanariadha, wachezaji wa mpira wa mikono, wa sataranji na wa tenisi ya meza wametakiwa wajitegemee. La kushangaza ni kwamba tulipiga makofi!

Siandiki kumshambulia mtu. Najua shule haina mti wa kuchuma pesa. Karo huja kidogo kidogo, na mzazi mwingine huuza omena Sio Port wiki nzima ili alipe nusu ya deni. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule umesimama juu ya mawazo mawili mabovu. La kwanza ni kwamba kila mchezo una wenyewe. La pili ni kwamba asiyeshinda hana faida. Nitayachukua moja baada ya jingine, na ninyi mtaamua.

Hapa kwetu tumegawa michezo kama watu wanavyogawa mashamba. Riadha tumewapa Wakalenjin. Kandanda tumejipa sisi Waluhya na ndugu zetu Wajaluo. Mbio za magari tumewaachia Wahindi na Wazungu. Na michezo ya theluji, hiyo hata hatuitaji, eti ni ya watu waliozaliwa kwenye barafu. Ukitaka mchezo usio wa kwenu utaulizwa, "Umeona nani wa huku akifanya hivyo?"

Hebu tutazame mchezo mmoja ambao wengi wetu hatujawahi kuuona ila kwenye televisheni. Unaitwa bobsledi. Ni kigari kisicho na magurudumu wala injini, kinachoteleza kwenye mfereji wa barafu kutoka mlimani hadi chini, umbali wa zaidi ya kilomita moja. Wachezaji wawili au wanne hukisukuma wakitimka mbio, kama mita 50 hivi, kisha hurukia ndani mmoja baada ya mwingine. Wa mbele huelekeza, wa nyuma hushika breki mwisho wa safari. Kigari hupita kilomita 120 kwa saa, na mshindi hutofautiana na mwenzake kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa angalia vizuri. Mchezo huu unataka nini? Unataka miguu ya mtimkaji wa mbio fupi, na mikono ya dereva asiyetishwa na kona. Je, nchi yetu haina watimkaji? Haina madereva? Kenya imekuwa na mbio za magari za Safari tangu mwaka 1953. Kwa hiyo bobsledi ni ndoa ya mambo mawili tunayoyajua, lakini hakuna Mkenya aliyewahi kushindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Kilichokosekana si miguu wala mikono. Kilichokosekana ni barafu, fedha na mtu wa kusema, "Jaribu."

Kwamba bobsledi na magari ni ndugu kulithibitishwa na mtu mmoja wa Uhispania aitwaye Alfonso de Portago. Huyu alizaliwa mwaka 1928 katika ukoo wa kitajiri. Alipanda farasi wa mashindano, kisha akawa dereva wa magari ya Ferrari. Katika Olimpiki ya mwaka 1956 kule Cortina d'Ampezzo, Italia, aliongoza kigari cha watu wawili akamaliza wa nne. Medali ya shaba ilimponyoka kwa sekunde 0.14 tu, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Mwaka uliofuata alipata shaba katika mashindano ya dunia ya bobsledi kule St. Moritz. Mkono ule ule ulioelekeza gari ulielekeza kigari cha barafu.

Mtu atasema, "Huyo alikuwa tajiri, sisi je?" Swali zuri. Basi turudi nyumbani.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kati ya spana na mafuta machafu ya gereji ya baba yake. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mbio za Safari na gari la Volvo lililokuwa limeshatumika na wengine. Wakashinda! Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, na watu wakamwita Simba wa Safari. Shekhar Mehta, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wetu huko Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Kwa miaka mingi watu walisema basi, Safari ni ya Wahindi na Wazungu. Akatokea Patrick Njiru, Mwafrika, na mwaka 1994 akamaliza wa nne akiendesha Subaru. Watoto wa vijijini waliosimama kando ya barabara wakala vumbi lake kwa furaha. Mchezo uliodaiwa kuwa na wenyewe ukaonekana hauna.

Na theluji je? Hapo ndipo ninapomleta Philip Boit, ambaye ningependa kila mwanafunzi wa shule hii amjue kama anavyowajua wachezaji wa ligi ya Uingereza.

Boit alizaliwa mwaka 1971 upande wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa jamaa ya Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mbio hizo huko Munich mwaka 1972. Kwa hiyo mchezo wake ulikuwa umeshaamuliwa na ukoo, na angeweza kutulia hapo. Lakini mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na Mkenya mwenzake, Henry Bitok, wajifunze mbio za skii. Skii ni zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji. Mtu aliyezoea jua la Bonde la Ufa anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Akirudi nyumbani, anafanya mazoezi kwa skii zenye magurudumu barabarani. Hebu fikirini wapita njia walivyomwangalia!

Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Boit aliingia mbio za kilomita 10 na kuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyetumia dakika 27 na sekunde kidogo. Hiyo ilikuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Boit alitumia dakika 47 na sekunde kidogo. Alikuwa wa 92, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Tusimame hapo kidogo. Dakika 20! Katika shule yetu, mtu akibaki nyuma dakika 20 kwenye mbio za nyika, watunza saa wangekuwa wameshakunja kamba na kwenda kunywa uji. Lakini Dæhlie hakuondoka. Alikaa kwenye mstari wa mwisho, kwenye baridi, na sherehe ya washindi ikasubiri. Boit alipofika, bingwa wa dunia akamkumbatia. Watazamaji nao walikuwa wamebaki wakimshangilia. Baadaye Boit alipopata mtoto wa kiume alimpa jina Dæhlie. Kwa hiyo kuna Mkenya mwenye jina la Mnorway, kwa sababu ya mtu aliyekubali kumngoja wa mwisho.

Wengine husema ile safari ya Boit ilikuwa tangazo la biashara tu, kampuni ya viatu ilitaka kuuza jina lake. Sikatai, kampuni haitoi pesa bila hesabu. Lakini tangazo halikumchosha Boit miguu kwa dakika 47. Na kama lingekuwa tangazo tupu, angerudi nyumbani mwaka 1998 na kunyamaza. Lakini wapi! Alikwenda tena Salt Lake City mwaka 2002, akaenda tena Turin mwaka 2006. Na mwaka 2018 kule PyeongChang, Korea Kusini, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Hakuanza njia ile peke yake. Nyayo za mtu zilikuwa zimeshatangulia kwenye theluji.

Olimpiki hiyo hiyo ya 2018 ilikuwa na jambo jingine. Wasichana watatu wa Nigeria waliingia bobsledi, timu ya kwanza ya Afrika katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Kiongozi wao, Seun Adigun, alikuwa mruka viunzi aliyeshindana London mwaka 2012. Hakuwa na kigari wala barafu. Alifanya nini? Alinunua mbao, akazipigilia misumari katika gereji kule Houston, Marekani, akatengeneza kigari cha kufanyia mazoezi ya kusukuma. Jamani, si ndivyo ndugu zetu wadogo wanavyotengeneza magari ya mbao na kuteremka nayo milima ya Samia? Timu yake ilimaliza ya 20 kati ya timu 20. Ya mwisho tena! Lakini mimi leo, niliye Namboboto, ninaandika habari zake, na sikumbuki aliyekuwa wa 12.

Nimetaja kuruka viunzi kwa makusudi. Kama kuna mchezo ambao shule yetu haina haki ya kuudharau ni huo. Aggrey Awori, mtoto wa Wasamia, wa jamaa ile ile ya Mzee Moody Awori aliyekuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais, aliruka viunzi vya mita 110 katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964. Aliiwakilisha Uganda, kwa maana mpaka uliochorwa na wageni ulipita katikati ya Wasamia, ndugu mmoja akawa huku, mwingine huko. Akasoma Chuo Kikuu cha Harvard, akawa mbunge na waziri Uganda, akafariki mwaka 2021. Hakuleta medali ya Olimpiki. Je, tuseme alipoteza nauli?

Tena hapa shuleni yupo msichana wa Kidato cha Pili, jina lake nalihifadhi, ambaye hufanya mazoezi ya viunzi nyuma ya bweni saa kumi na mbili asubuhi. Viunzi vyake ni fito za mkonge zilizolazwa juu ya matofali. Akigusa fito inaanguka, anairudisha mwenyewe. Wavulana wanaokwenda kuchota maji humwita Swara na kucheka. Mwaka jana alikuwa wa tano kwenye zoni, basi hakuvuka. Kwa sheria mpya, mwaka huu hatapata nauli ya kwenda Funyula, kilomita chache tu kutoka hapa. Wa tano! Portago alikosa medali kwa sekunde 0.14 na mwaka uliofuata akaipata. Huyu dada yetu ataipata vipi mwaka unaofuata ikiwa mwaka unaofuata haupo?

Najua wapo watakaonijibu. Jibu la kwanza ni pesa. Nami nasema michezo mingi iliyofutwa ni ya bei rahisi kuliko iliyobaki. Mpira mmoja wa ngozi hupasukia kwenye miiba kabla ya muhula kwisha. Viunzi vinatengenezwa na fundi wa shule kwa mbao zilizobaki za madawati. Sataranji ni ubao mmoja na vizibo vya soda. Nauli ya mwanariadha mmoja haifiki ya timu nzima ya kandanda na wachezaji wake wa akiba, ambao wengine huenda, hula, na kurudi bila kugusa mpira.

Jibu la pili ni masomo, kwamba michezo mingi itatupotezea muda. Lakini uamuzi ule haukupunguza muda wa michezo, umepunguza wachezaji. Jioni saa kumi kengele ya michezo hulia kama kawaida. Ishirini na wawili hucheza, na mamia hukaa chini ya miti wakipiga domo. Huo ndio muda unaopotea.

Jibu la tatu ni zito zaidi, nami nitaliheshimu. Mwalimu mmoja aliniambia, "Wewe mtoto, hii habari yako ya kujaribu kila kitu itawavunja watu shingo." Ni kweli Portago hakufika uzee. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia za Italia zilizopitia barabara za kawaida kama kilomita 1,600, tairi la gari lake lilipasuka karibu na mji wa Guidizzolo. Alikufa akiwa na miaka 28. Alikufa pia dereva msaidizi wake, Edmund Nelson, na watazamaji 9, watano kati yao wakiwa watoto. Serikali ya Italia ikapiga marufuku mbio za aina hiyo. Watoto wale hawakuchagua kushindana na mtu. Walisimama tu kando ya barabara.

Kwa hiyo sitetei wazimu. Mchezo bila kanuni si mchezo. Lakini hebu tuangalie hapa kwetu. Jina boda boda lilizaliwa mpakani petu, Busia na Malaba, miaka ya 1960, vijana walipowavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na neno la Kiingereza la mpaka likageuka kuwa jina la usafiri. Leo baiskeli zimekuwa pikipiki, na jioni utawaona vijana, wengine waliosoma hapa hapa, wakishindana nani atalipita lori la Malaba kwanza. Hawana kofia ngumu, hawana mwamuzi, na watoto wa shule wanatembea kando. Hamu ya kasi haifi kwa sababu tumefuta riadha. Kijana asiyepewa uwanja ataufungua mwenyewe, naye ataufungua barabarani. Mwalimu wangu, ukiniuliza nini kinavunja shingo, nitakwambia si viunzi vya mkonge.

Sasa kusema bila kupendekeza ni kupiga kelele, kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, sheria ya kuvuka zoni iondolewe, na badala yake kila mchezo wenye watu wanaohudhuria mazoezi upewe angalau nauli ya kufika zoni. Anayefanya mazoezi ajulikane kwa daftari la mahudhurio, si kwa kikombe. Pili, siku ya michezo ya shule, tuzo itolewe pia kwa aliyemaliza mbio ndefu akiwa wa mwisho. Nasema aliyemaliza, si aliyekaa kichakani akasubiri wenzake warudi. Tatu, mshindi wa kila mbio abaki kwenye mstari mpaka wa mwisho afike, ampe mkono. Hili la tatu halihitaji hata shilingi moja. Dæhlie alilifanya akiwa na dhahabu 6. Sisi wenye vikombe vya bati tunashindwa na nini?

Wanafunzi wenzangu, nanyi msiwaachie walimu lawama zote. Kelele za kuzomea hazitoki chumba cha walimu, zinatoka midomoni mwetu. Timu ya kandanda nayo, ambayo naipenda na kuishangilia, isikubali kula sahani za wenzake. Mlianza wapi ninyi? Mlipofungwa mabao mengi miaka ile, kama sheria hii ingekuwapo, leo msingekuwa na jezi.

Kutangulia si kufika, na kuchelewa si kupotea. Mbio za zoni ni muhula ujao. Namwomba mwalimu wa michezo pamoja na kamati yake walikalie jambo hili kabla ya orodha kuandikwa, na orodha hiyo ikiandikwa, dada yetu wa viunzi awemo.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu